Moto ndani ya chombo kilichofungwa: mwongozo kwa mwandishi wa riwaya

Moto wa nyumba una nje. Watu hutoka, moshi hutoka, zimamoto huingia na mipira yao. Ndani ya nyambizi iliyopiga mbizi mita 200, au kituo cha anga kinachozunguka dunia kilomita 400 juu yetu, nje haipo. Moto na watu wanagawana hewa ile ile, na kila njia ya kuuzima inawanyang'anya watu kitu: hewa, umeme, macho, wakati mwingine chumba kizima pamoja na waliomo. Ndiyo maana matukio mengi ya moto kwenye riwaya za baharini na za anga hayaaminiki. Mwandishi ameazima moto wa nyumba akautia ndani ya chuma, halafu shujaa anapiga teke mlango.

Kazi huanza na hesabu. Ushujaa baadaye.

Hatua ya 1: Fungua daftari la hewa

Kabla ya cheche ya kwanza, andika ukurasa mmoja ambao msomaji hatauona kamwe: ujazo wa kila chumba, idadi ya watu, shinikizo la hewa, asilimia ya oksijeni, aina za barakoa na dakika zake, kila mlango unafungukia upande gani, na umeme unakatiwa wapi.

Chukua mfano wa chumba cha mitambo chenye mita za ujazo 100 za hewa. Hewa hiyo ina uzito wa kilo 120 hivi, na ndani yake oksijeni ni kama kilo 28. Miali ya vitu vya kawaida huanza kufa oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 15. Maana yake moto una kilo nane tu za oksijeni za kula kabla haujajizima wenyewe. Kila kilo ya oksijeni inayoungua hutoa megajuli 13 za joto, karibu bila kujali kinachoungua ni mbao, mafuta au plastiki. Kwa dizeli, kilo hizo nane zinamalizwa na chini ya lita tatu.

Lita tatu! Ndoo ndogo haijai. Mwandishi anayeandika moto "uliowaka kwa saa nzima" katika chumba kilichofungwa amekwisha kosea, isipokuwa ameeleza hewa mpya inaingilia wapi. Upande wa pili wa hesabu ndio unaouma: mtu mmoja hutumia karibu kilo 0.84 ya oksijeni kwa siku, kwa hiyo moto huo mdogo umekula hewa ya mtu mmoja ya siku tisa na nusu. Na asilimia 15 ambayo miali inaikimbia, binadamu naye haiwezi vizuri. Anaanza kukosea maamuzi, mikono inakuwa mizito, na hajui kwamba amebadilika. Akifika 10 anazimia.

Sasa joto. Hewa ya chumba ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 175 za Selsiasi, shinikizo linaongezeka kwa nusu. Mlango wa duara wenye kipenyo cha sentimita 70 unabeba msukumo wa karibu tani mbili. Ukifungukia ndani, hakuna anayeusukuma. Ukifungukia nje, anayelegeza komeo anapigwa nao. Hapa ndipo swali la "mlango unafungukia upande gani" linapoacha kuwa la fundi peke yake. Tarehe 27 Januari 1967, wanaanga watatu wa Apollo 1, Grissom, White na Chaffee, walikuwa kwenye mazoezi juu ya mnara wa kurushia huko Florida. Kibini, yaani chumba cha wanaanga, ilijazwa oksijeni safi kwa shinikizo lililozidi kidogo la hewa ya kawaida, na mlango wake wa ndani ulifungukia ndani. Moto ulipozuka, shinikizo liliukandamiza mlango ule mahali pake, kisha likapasua ukuta wa kibini katika muda usiofika nusu dakika. Waliokuwa nje walifanikiwa kufungua baada ya dakika tano hivi. Baada ya hapo mlango ulibuniwa upya ufungukie nje, na hewa ya kibini wakati wa kurushwa ikawa mchanganyiko wa asilimia 60 oksijeni na 40 naitrojeni.

Kama hadithi yako ina oksijeni safi, andika na shinikizo lake. Apollo ikiwa safarini ilitumia oksijeni safi kwa theluthi moja tu ya shinikizo la kawaida, na hilo ni jambo tofauti kabisa na oksijeni safi kwa shinikizo kamili, ambapo nailoni na Velcro huwaka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kugeuka.

Hatua ya 2: Chagua kinachoungua, na kwa nini leo

"Hitilafu ya umeme" ni jibu la mvivu, ingawa mara nyingi ni kweli. Lipe undani. Tarehe 5 Oktoba 2004 nyambizi ya Kanada, HMCS Chicoutimi, ilikuwa juu ya maji magharibi mwa Ireland huku bahari ikiwa imechafuka. Maji yaliingia kupitia milango ya mnara iliyokuwa wazi, yakafika kwenye viungio vya nyaya, na nyaya zikashika moto. Ofisa mmoja alikufa kwa moshi. Ona mnyororo ulivyo: mlango, wimbi, kiungio, moto. Kila pete ni uamuzi wa mtu fulani, na mwandishi anaweza kuwapa wahusika wake pete moja moja.

Vyanzo vingine vinavyofaa: mafuta ya haidroli yanayonyunyiza kama ukungu kutoka kwenye bomba lenye tundu dogo, mafuta yaliyojikusanya kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ya chombo, maji yanakojikusanya), karai la kukaangia jikoni, matambara yenye mafuta yaliyotupwa kwenye pipa, mashine ya kukaushia nguo iliyojaa vumbi la pamba. Haya yote huzimika kwa kukosa hewa. Kuna mengine matatu ambayo hayazimiki hivyo, nayo ndiyo yenye utajiri.

La kwanza ni mshumaa wa oksijeni. Ni kasha la kemikali, klorati kwenye nyambizi na lithiamu pakloreti kwenye vituo vya Kirusi, ambalo likiwashwa hutoa oksijeni ya kupumua. Moja la kituo cha anga cha Mir lilitoa lita 600 hivi, za kumtosha mtu mmoja siku nzima. Likienda vibaya, moto una oksijeni yake wenyewe, na kuufunika ni kazi bure. Mafuta yakigusana na kemikali hizi matokeo ni mlipuko. Machi 2007 kasha la namna hiyo lililipuka ndani ya nyambizi ya Uingereza HMS Tireless ikiwa chini ya barafu ya Aktiki, likaua mabaharia wawili. Kwenye nyambizi ya Kirusi Kursk, Agosti 2000, wanaume 23 waliokuwa wamenusurika milipuko na kujikusanya chumba cha tisa walimalizwa na moto wa makasha ya kuzalisha oksijeni yaliyogusana na maji yenye mafuta. Kitu cha kukupa uhai ndicho kinachowaka: mwandishi hahitaji kuongeza chumvi hapo.

La pili ni betri. Betri za risasi na asidi zikiingiwa na maji ya bahari hutoa gesi ya klorini, na zikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inangoja cheche tu. Betri za lithiamu zikianza kuchemka, seli moja huiwasha jirani yake, na dawa ni kuzipoza kwa maji mengi kwa muda mrefu.

La tatu ni bomba la hewa ya shinikizo kubwa. Nyambizi hubeba hewa iliyobanwa ya kupulizia maji nje ya matangi ili ipande juu. Bomba hilo likipasuka karibu na moto, chumba kilichofungwa hakijafungwa tena. Ndicho kilichotokea kwenye nyambizi ya Kisovieti Komsomolets tarehe 7 Aprili 1989 katika Bahari ya Norwe: moto ulianza chumba cha saba huko tezi, yaani nyuma ya chombo, hewa ya shinikizo ikaulisha, na hesabu ya kilo nane haikuwa na maana. Wafu walikuwa 42 kati ya watu 69, na wengi wao waliuawa na maji baridi baada ya kutoka nje ya chombo.

Hatua ya 3: Moshi kwanza, miali baadaye

Mhusika wako atanusa kabla ya kuona. Harufu ya plastiki inayoungua ina ukali wa kukwaruza koo, na mafundi wa vyombo hivi huacha chakula mdomoni wakiinusa. Halafu moshi. Kwenye nyambizi hupanda darini, hujaza kutoka juu kwenda chini, na ndani ya dakika chache mtu haoni kiganja chake. Watu hutambaa. Sakafu ya chuma iliyo juu ya moto huunguza magoti.

Kwenye uzito sufuri futa yote hayo. Hewa moto haipandi kwa sababu juu haipo. Mwali wa kitu kidogo huwa mviringo, wa bluu, dhaifu, ukingoja hewa iufikie polepole. Moshi nao hauendi popote mpaka feni ziusukume. Kwa hiyo vitambuzi vya moshi huwekwa kwenye njia za hewa, na silaha ya kwanza ya moto wa angani ni swichi ya feni. Zima mzunguko wa hewa, na mwali mwingi unanyong'onyea. Lakini feni hizo ndizo zinazoondoa pumzi chafu usoni pa mtu. Zikizimwa, anayetulia mahali pamoja anaanza kuvuta kaboni dioksidi aliyoitoa mwenyewe. Kichwa kinamgonga. Mwambie mhusika wako asitulie.

Usiandike mwali wa bluu kila mara, hata hivyo. Tarehe 23 Februari 1997 kasha la oksijeni lilishika moto kwenye moduli ya Kvant ya kituo cha Mir. Kwa kuwa lilijitengenezea oksijeni yake, lilirusha mwali mkali wenye matone ya chuma kilichoyeyuka, na moshi ukajaa kituo kizima. Ndani walikuwa watu sita. Vyombo vya kurudia duniani vilikuwa viwili, vya watu watatu kila kimoja, na moto ulikuwa umekaa kwenye njia ya kimojawapo. Mitungi kadhaa ya kuzimia moto haikubanduka ukutani kwa sababu ilikuwa bado imefungwa kwa vishikizo vya safari. Kamanda Valery Korzun alipopuliza mtungi, nguvu yake ilimsukuma nyuma, hivyo mtu mwingine ikabidi amshike miguu. Maelezo rasmi ya mwanzo yalisema moto ulidumu sekunde 90 hivi. Mmarekani Jerry Linenger aliyekuwepo alisema dakika 14. Mwandishi mwerevu ataacha tofauti hiyo ibaki kwenye riwaya: ripoti iseme moja, mhusika aseme lingine.

Hatua ya 4: Dakika mbili za kwanza

Hapa waandishi wengi wanaharakisha, na ndipo penye mali. Mpangilio halisi ni huu: aliyeuona anapaza sauti na kusema mahali, anaushambulia kwa mtungi ulio karibu, na wakati huohuo wengine wanavaa barakoa, wanakata umeme wa kifaa kinachoungua, wanafunga mzunguko wa hewa, wanafunga milango, wanahesabu watu. Aliyeuona kwanza mara nyingi hana barakoa. Ana pumzi chache za kuamua.

Tangazo lina mambo matatu: ni nini, wapi, kiwango gani. Hakuna "Tafadhali njooni haraka". Jaribu hivi:

"Moto! Moto! Chumba cha mitambo, ubao wa swichi wa kulia, sakafu ya chini!"

"Kamandi imepokea. Funga hewa. Nani yuko ndani?"

"Sita, afande. Wote wana barakoa. Mlango wa tezi umefungwa."

"Hesabu tena."

"...Watano, afande."

Maneno machache, na sura yako imepata mgongo. Zingatia kwamba barakoa hula konsonanti. Watu hurudia, huonyesha kwa mkono, hugonga begani. Hotuba ndefu ndani ya moshi hazipo.

Barakoa yenyewe ina mambo yake. Nyambizi nyingi zina mabomba ya hewa safi yaliyopita darini, yenye matundu ya kuchomekea mpira wa barakoa. Hewa haiishi mapema, ila umefungwa kwa kamba ya mita chache. Kusogea ni hivi:

Alivuta pumzi, akaibana, akachomoa. Hatua tatu. Nne. Mkono ukapapasa juu: bomba, waya, waya, bomba la moto, tundu. Lilikuwa na mpira wa mtu mwingine. Akapapasa tena.

Barakoa ya mtungi wa mgongoni inampa uhuru, lakini ina dakika zake, na anayefanya kazi nzito huzimaliza mapema kuliko kilichoandikwa kwenye lebo, pengine kwa nusu. Mtungi wa "dakika 30" mikononi mwa mtu anayevuta mpira wa maji kwenye joto uhesabie 15 mpaka 20. Andika kwenye daftari nani alivaa saa ngapi. Ukimfanya mtu apumue kwa dakika 40 kwenye mtungi wa nusu saa, kuna msomaji baharia ataandika barua.

Kukata umeme nako kuna gharama. Ubao wa swichi ukizimwa, pampu zake zinazimika, taa zinazimika, pengine na mtambo wa kusukuma chombo. Nyambizi iliyopoteza mwendo ikiwa nzito tezi inazama kidogo kidogo huku watu wakipigana na moto. Kwa nahodha hizo ni dharura mbili, na zinagombea watu wale wale.

Hatua ya 5: Chagua silaha, kisha lipa

Maji hupoza kuliko kitu kingine chochote. Lita moja ikigeuka mvuke hunyonya megajuli 2.6, na hujaza lita 1,700 za nafasi. Kwenye chumba kidogo mvuke huo unarudi kwa mwenye mpira na kumbabua ndani ya nguo, ndiyo maana hupulizwa kwa vipindi vifupi na kwa ukungu, si kwa mkondo mnene. Kisha maji yanakwenda wapi? Kwenye ngama, na kutoka ngama kwenda upande ulio chini, na chombo kinainama. Umeme wa volti mia kadhaa bado uko hai mahali fulani.

Kaboni dioksidi haiachi uchafu, hivyo waandishi huipenda. Fanya hesabu. Mtungi wa kilo 5 hutoa mita za ujazo 2.7 za gesi. Kwenye chumba cha mita 100 hiyo ni asilimia 2.7, mtu atahema tu. Kwenye kibini ya mita 30 ni asilimia 9, na asiye na barakoa anapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Mtungi ule ule, matokeo mawili. Tena gesi haipozi vizuri. Moto wa ndani kabisa ya fungu la nyaya hurudi baada ya dakika kadhaa. Kwenye kituo cha kimataifa cha anga, paneli zimewekewa matundu madogo ya kuingizia mdomo wa mtungi ili gesi ijae nyuma ya paneli pasipo kuifungua. Maelezo madogo kama hayo humfanya msomaji aamini mengine yote.

Unga mkavu huua miali haraka, lakini huharibu vifaa vya umeme na kwenye uzito sufuri hubaki ukielea machoni pa watu. Uache, labda kama unataka kuharibu kitu kwa makusudi.

Freoni na haloni, gesi za kuzimia moto, hujazwa chumba kizima kwa swichi moja. Hufanya kazi vizuri, na hiyo ndiyo hatari. Tarehe 8 Novemba 2008 nyambizi ya Kirusi Nerpa ilikuwa kwenye majaribio katika Bahari ya Japani. Hakukuwa na moto wowote. Mfumo wa kuzimia moto uliwashwa kwa makosa, gesi ikajaa, watu 20 wakafa, wengi wao raia wa kiwanda cha meli. Kwa mwandishi, hili ni tukio la moto lisilo na moto, na sijui kwa nini halitumiki zaidi.

Kufungulia anga tupu. Wasomaji wa hadithi za anga hulingoja hili. Hesabu: tundu la kipenyo cha sentimita 10 kwenye chumba cha mita za ujazo 100 hutoa nusu ya hewa kwa sekunde 45 hivi, na asilimia 90 kwa dakika mbili na nusu. Hewa haitoki "mara moja" kama kwenye sinema. Na katika sekunde za mwanzo hewa inayokimbilia tundu inapita juu ya moto uliokuwa umedumaa bila upepo, inaupa nguvu. Miali inapanda kabla ya kufa. Mhusika aliyefungua vali anapaswa kuona hilo na kutilia shaka uamuzi wake, mkono ukiwa bado kwenye vali. Baada ya hapo kilo 120 za hewa zimekwenda na hazirudi. Ingiza kwenye daftari.

Silaha ya mwisho haitumiki sana kwenye riwaya na inastahili. Mtu anahitaji kiasi fulani cha oksijeni, lakini moto unajali asilimia. Ongeza naitrojeni juu ya hewa iliyopo mpaka shinikizo liwe mara 1.4 ya kawaida: oksijeni haijapungua hata gramu, watu wanaendelea kupumua, masikio yanaziba kidogo, lakini asilimia imeshuka hadi 15 na miali inazimika. Kwa chumba chetu ni mita za ujazo 40 za naitrojeni, yaani mitungi minne ya lita 50 iliyojazwa kwa ba 200 (karibu mara 200 ya shinikizo la kawaida). Nyambizi ina kuta za kuhimili hilo bila wasiwasi. Chombo cha anga kilichojengwa kubeba shinikizo moja na ziada ndogo huenda kikafungua vali zake za usalama na kumwaga kila kitu nje, kwa hiyo amua mapema fundi wako alichora nini. Na kumbuka kwamba mshumaa wa oksijeni na betri ya lithiamu havisikii naitrojeni.

Hatua ya 6: Mlango uliofungwa watu wakiwa ndani

Waandishi wengi hulikimbilia tukio hili mapema mno, kabla msomaji hajajua jina la aliyemo. Kanuni ya kufunga chumba kinachoungua huwekwa kabla ya safari, kila mtu anaijua, na aliyezungusha gurudumu la mlango anatimiza kiapo ambacho aliyemo ndani naye alikiapa. Ukimfanya katili umeharibu. Mfanye mtu anayehesabu sekunde za kuruhusu mwingine mmoja apite.

Kwenye nyambizi ya Kisovieti K-19, moto wa Februari 1972 uliua 28. Mabaharia 12 walikwama chumba cha tezi, upande wa pili wa vyumba vilivyojaa moshi wa sumu, na walikaa humo zaidi ya wiki tatu kabla ya kutolewa. Ndio wakati ambao riwaya inaweza kuutumia: kugonga ukutani, giza, maji ya kunywa, upande wa pili ukijibu kwa kugonga.

Ukuta wenyewe haukai kimya. Rangi ya upande wa pili inafura malengelenge na kuanza kutoa moshi. Nyaya zinazopenya ukutani zinapitisha joto. Watu hupangwa kuumwagia maji na kuondoa chochote kinachougusa. Mtu akiweka mgongo wa kiganja karibu na chuma bila kukigusa, anajua moto uko kiwango gani.

Hatua ya 7: Usifungue bado

Miali imekufa kwa kukosa hewa, lakini mafuta na plastiki vingali moto vikitoa mvuke unaoungua. Wachoma mkaa wanalijua tanuri: ukilifumua mapema, mzigo wote unawaka. Chumba cha chuma kina tabia hiyo hiyo, ila hewa inayoingia na moto unaotoka vinapita mlango mmoja, usoni pa aliyeufungua. Nahodha anangoja joto la ukuta lishuke. Saa nzima, mara nyingi zaidi. Ndani ya saa hiyo weka mazungumzo yako marefu, si ndani ya moshi.

Wa kwanza kuingia wanavaa mitungi, wanabeba mpira wenye maji tayari, kamera ya joto kama ipo, na mmoja anabaki mlangoni akishika saa. Moto ukizimwa, mlinzi wa moto anaachwa hapo akitazama mahali palepale. Fungu la nyaya hupasuliwa na kumwagiwa hadi katikati.

Kisha hewa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na kipimo chake ndicho kinachoamua nani avue barakoa. Sehemu 400 kwa milioni humuumiza mtu kichwa kwa saa moja au mbili. Sehemu 1,600 humtia kizunguzungu na kichefuchefu ndani ya dakika 20. Sehemu 12,800, pumzi mbili tatu, anaanguka. Anayevua barakoa kwa sababu "moshi umeisha" ni mtu wa kufa wa kweli kabisa, na mara nyingi ni yule aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, amechoka, ana joto, anataka kupangusa uso. Nyambizi ikiweza kufika karibu na uso wa maji huinua bomba la hewa na kuivuta hewa chafu nje kwa injini za dizeli. Ikishindwa, na angani hali kadhalika, kuna vichujio na vichomea gesi tu, na kazi hiyo huchukua saa nyingi huku watu wakilala na barakoa zao.

Usifunge jambo hapo. Plastiki ya nyaya inapoungua hutoa asidi ya haidrokloriki, inayokaa kama utando mwembamba juu ya kila saketi ambako moshi ulifika, hata vyumba ambavyo moto haukukaribia. Siku nne baadaye kiungio cha usukani, kilichofutwa kwa kitambaa na kukaguliwa na kupewa tiki, kinaanza kukatika na kuunganika. Fundi akikifungua atakuta miguu ya shaba imeota kijani. Kama hadithi yako inahitaji hitilafu kwenye sura ya 19, iandae humu: andika moshi uliingia chumba kipi, dakika ngapi, na nani alisaini kwamba kimesafishwa.